Maji Yaliyozimwa kwa Kitufe

4 Novemba

Saa nne asubuhi haijafika na joto limeshapita arobaini. Kipoza hewa cha banda la wachoraji kimekufa tena. Bronwyn anasema ataagiza kingine kutoka Alice Springs. Mwaka jana pia alisema.

Leo alitusomea mkataba. Bronwyn ndiye meneja wa banda letu hapa Wilkarra, kijiji chetu wenyeji wa asili katikati ya jangwa la Australia, mzungu wa tano tangu nianze kazi. Si mtu mbaya, ila anasoma kama anayewasomea watoto wa chekechea. Kampuni moja ya Sydney inataka picha za wazee wetu iziingize kwenye kompyuta, halafu watu wa mjini wajichagulie: picha hii, rangi ile, ukubwa huu, ichapwe na kubandikwa ukuta mzima wa sebule au wa hoteli. Picha yenyewe inabaki kwetu. Wazee walisikiliza wakinywa chai. Mama aliuliza swali moja tu, kama watu hao watajua maji anayoyachora ni ya nani. Bronwyn akajibu kwamba jina lake litaandikwa chini, Dulcie, kwa herufi kubwa. Mama akatia sahihi.

Mimi nilikaa kimya. Kampuni iliahidi kompyuta mpya, na mwenye kuitumia ni mimi.

7 Novemba

Bronwyn ameniuliza kwa nini namkaripia mama yangu anapochora. Miaka miwili yuko hapa na leo ndiyo anauliza.

Nikamweleza. Nchi anayoichora mama, ya vilima na maji, ameipata kwa baba yake. Yeye, dada yake na kaka yao ndio wenyewe. Mimi nimeipata kwa mama, kwa hiyo mimi si mwenyewe, ni mlinzi. Mwenye nchi hachori bila mlinzi kukaa kando yake. Picha hulazwa chini, pande zake zikiwa pande za dunia, na mama anakaa juu ya turubai akichora kutoka vilimani. Akikosea njia ya kufika kwenye maji mimi namwambia. Asiponisikia namwambia kwa sauti. Mwenye nchi asiye na mlinzi ni kama mwizi wa mali yake mwenyewe.

Bronwyn akasema, "Ahaa, kama mhariri." Nikasema ndiyo, kwa uvivu tu, kwa sababu ya joto.

12 Novemba

Mbwa wa mjomba Clarrie ameiba mkia wa kangaruu kwenye meko yetu. Mvua hakuna.

19 Novemba

Kompyuta imefika. Skrini pana kama meza.

Kazi yenyewe ni hii: napiga picha mchoro wa mama, kisha nautenganisha kwenye kompyuta tabaka kwa tabaka, ili kila kitu kiweze kubadilishwa peke yake. Nimepata matabaka matano. Ardhi, vilima, korongo la mchanga, nukta za majani, na maji, ambayo mama huyachora kama duara jeusi upande wa magharibi. Siku mbili nzima. Imogen, msichana wa kampuni, alinipigia kwa video akasema hajaona mtu aliyetenganisha kwa usafi namna ile. Nilifurahi. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikufurahi.

2 Desemba

Tovuti imefunguliwa kwa watu wote; wateja wakubwa walitangulia kuchagua mwezi uliopita. Nilimwonyesha mama jinsi mteja anavyosogeza kidole na vilima vinageuka kuwa rangi ya maziwa, kisha ya zambarau, kisha ya kijani cha bwawa la kuogelea. Mama alicheka mpaka akakohoa. Akasema wazungu wanataka nchi ifanane na makochi yao.

Kulikuwa na vitufe vitano pembeni, kimoja cha kuwasha au kuzima kila tabaka. Sikuvibonyeza.

9 Desemba

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Tulikuwa tunakula mchana wakati mama mdogo Lorna alipopiga simu. Yeye ndiye aliyemfuata mama kuzaliwa. Figo zake zilikufa miaka mitano iliyopita, na hapa Wilkarra hakuna mashine, kwa hiyo anaishi Alice Springs, saa nne za barabara ya vumbi kutoka kwao. Mara tatu kwa wiki anakaa kwenye kiti na mashine inamsafishia damu. Saa nne kila mara. Nyumbani anarudi kwa misiba tu, siku mbili, kisha huyo kwenye mashine. Zahanati yake imehamia jengo jipya, na leo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa humo.

Mama aliweka simu mezani ili sote tusikie.

"Dada," alisema Lorna, "nani amekausha maji ya baba?"

Mama alidhani dawa zimemchanganya. Akamuuliza kama amekula.

"Nimekula. Sikiliza. Ukutani mbele yangu kuna nchi yetu, kuanzia sakafuni mpaka kwenye dari. Mkono ni wako, naujua mkono wako. Vilima vipo. Maji hayapo. Na korongo limegeuka, linakwenda mashariki, kule ambako hakuna mtu aliyewahi kurudi. Nimekaa nalo saa nne, dada. Nimefumba macho mpaka yakaniuma."

Mama alinitazama. Sikuwa na haja ya kutazamwa, nilikwisha kujua. Nilikimbia bandani, nikawasha kompyuta, nikatafuta kati ya kazi zilizouzwa. Ilikuwapo, toleo la zahanati. Matabaka manne yamewashwa, la tano, la maji, limezimwa. Picha nzima imegeuzwa, kulia kumekuwa kushoto, kama shati lililovaliwa ndani nje. Rangi ni ya chai yenye maziwa mengi. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: DULCIE.

Mtu akiifuata picha ile atakufa kwa kiu. Na jina lililo chini yake ni la mama yangu, mwanamke aliyewatoa watu sita kwenye ukame kwa kuyajua maji yale.

11 Desemba

Nimeongea na Imogen. Sauti tamu, meno meupe. Alisema mteja aliona lile duara jeusi lingewatia wagonjwa mawazo mabaya.

Nikamwambia duara jeusi ndilo maji.

"Oo, pole, sikujua," akasema. "Nilidhani maji yangekuwa ya bluu."

Na kugeuzwa je? Kwa sababu ya mlango, akasema. Isingegeuzwa, mlango ungekata vilima, na vilima ndivyo vilivyompendeza mteja. Kisha akanifariji kwamba bado ni picha ya mama yangu, jina si lipo. Nilikata simu. Nilitoka nje nikalipiga teke pipa la takataka, na sasa kidole gumba kimevimba.

15 Desemba

Mjomba Clarrie amekuja. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hakunitazama. Aliongea na mama kana kwamba mimi sipo.

"Muulize mwanao mlinzi alikuwa wapi."

Nikasema kampuni ndiyo iliyofanya. Nikasema karatasi ya mkataba ilikuwa na mstari mmoja tu wa sahihi, wa mwenye nchi, na mimi hakuna aliyenipa kalamu.

"Na mdomo? Nao walikunyima?" Hapo ndipo aliponigeukia. "Mzungu hajui, na asiyejua maana haambiwi maana. Wewe unajua. Nani aliyatenga maji na ardhi?"

"Mimi, mjomba."

"Kwa mkono upi?"

Nilimwonyesha wa kulia. Aliutazama kwa muda mrefu, nami sikuthubutu kuushusha.

"Umelikoroga, mpwa wangu. Utalinywa."

Akaondoka na mbwa wake mwizi. Nilimchukia jioni nzima. Nilitafuta neno la kumjibu, na kila nililolipata lilikuwa la uongo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

16 Desemba

Mama hachori. Turubai limetandikwa, rangi zinakauka koponi. Bronwyn anamletea chai na kumuuliza kama anaumwa.

18 Desemba

Nimeamua kuwafundisha watu wa kampuni. Nimefungua picha ya zahanati upande mmoja wa skrini na ya mama upande mwingine, nachora mishale myekundu. Hapa korongo, hapa lilipaswa kwenda, hapa limekwenda. Napima, naandika, napima tena. Nakaa nayo tangu asubuhi mpaka banda linafungwa. Mama alinipitia nyuma, akaiona skrini, akafunika macho kwa mkono kama mtu anayepishana na maiti. Akaniambia niache kuitazama.

Nikamwambia siwezi kuipiga vita bila kuitazama.

20 Desemba

Nimetuma kurasa kumi na moja. Jibu lilikuja baada ya dakika moja, na mashine ndiyo iliyojibu. Ofisi imefungwa mpaka tarehe 13 Januari. Wanatutakia Krismasi yenye rangi tuzipendazo.

Nimemsomea mama. Hakucheka.

21 Desemba

Nilimwambia Bronwyn aende mwenyewe zahanati akaongee nao, mzungu kwa wazungu. Alisema mkataba ni wa miaka mitatu na mteja alilipia toleo lake, hilo ni lake sasa. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema, "Noelene, nilisoma kila neno mbele yenu." Ni kweli, alisoma. Ndilo linaloniudhi zaidi.

25 Desemba

Mkia wa kangaruu, keki ya kopo, digrii arobaini na tatu. Lorna alipiga simu. Siku hizi anajifunika taulo kichwa na uso muda wote wa mashine, asiuone ukuta. Anasema wagonjwa wenzake wanamwita bibi harusi na wanamuuliza mahari imefika wapi. Mama alicheka, mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Kisha Lorna akasema chini ya taulo kuna joto, lakini heri joto.

29 Desemba

Mawingu yalikuja mpaka juu ya vilima yakarudi.

2 Januari

Nimerekebisha mishale. Kurasa sasa ni kumi na tisa. Ninapolala naiona picha ile, na ninapoamka naifungua. Nataka kosa lolote lisinipite.

6 Januari

Zahanati wamemkataza taulo. Nesi mkuu, Gail, alinipigia mwenyewe kueleza. Mgonjwa akiwa kwenye mashine lazima uso wake uonekane, maana shinikizo la damu likishuka uso ndio hubadilika rangi kwanza. Kuna mtu alikufa hivyo mahali fulani, chini ya blanketi, na hakuna aliyejua. Sikuweza kumgombeza. Nilimuuliza kama kiti kinaweza kugeuzwa. Hakiwezi, mabomba yametoka ukutani. Chumba kingine? Kimejaa, na wengine wanangojea.

"Huo ukuta ungekuwa wangu ningeuchana leo," alisema. "Lakini si wangu."

Kila mtu ninayeongea naye, ukuta si wake.

7 Januari

Lorna hakwenda kwenye mashine.

10 Januari

Hakwenda. Mama alimbembeleza kwa simu, Clarrie akamfokea, mimi nikalia. Alisema hatakaa mbele ya nchi ya baba yake iliyouawa huku yeye akisafishwa damu ili aendelee kuishi. Alisema aliishi miaka mitano kwenye kiti kile kwa sababu alikuwa akifumba macho na kwenda kwenye yale maji kwa miguu, kituo kwa kituo, mpaka saa nne zinakwisha. Sasa akifumba macho anaiona ile nyingine.

11 Januari

Gari la wagonjwa limemchukua. Maji ya mwili yamepanda mpaka kwenye mapafu. Hospitali kubwa imemweka kwenye mashine ya dharura usiku kucha, na wamesema wazi kwamba hiyo ni mara moja. Siku ya kawaida arudi zahanati. Asiporudi, Gail ananiambia, ni suala la wiki moja.

13 Januari

Imogen amerudi kutoka likizo. Amependa kurasa zangu, amesema zimemfunza mengi. Wanaweza kuchapa upya toleo sahihi endapo mteja atakubali kulipia. Foleni ya wachapaji sasa ni wiki kumi na mbili.

Nilimweleza kwamba mama yangu mdogo ana wiki moja. Akasema amesikitika sana, akaahidi kuliwasilisha kwenye kikao. Sikutukana. Nilizima kompyuta nikakaa mbele yake, na hata ilipokuwa imezimwa niliendelea kuiona picha ile.

14 Januari

Mama ameamka kabla yetu, ameshindilia turubai kwenye Landikruza pamoja na makopo ya rangi. Mawingu ni meusi kweli safari hii. Clarrie alisema tukichelewa makorongo yatatufungia njia ya Alice Springs. Mama alimwambia basi panda.

15 Januari

Barabara ya saa nne tumeitambaa kwa saa tisa. Mvua ilitukuta katikati. Kwenye korongo la pili maji yalifika kwenye milango, Clarrie akashuka na kutangulia kwa miguu akipima kina kwa fimbo, suruali shingoni. Nyuma yetu njia imefungwa. Lorna tulimkuta nyumbani kwake mjini amelala, miguu imevimba kama mito. Alipomwona mama alisema, "Umezeeka, dada," wakashikana.

16 Januari

Jumapili. Mashine zimelala. Gail alitufungulia mlango wa nyuma akasema anakwenda kunywa chai, na chai yake huwa inachukua muda mrefu, na hajaona mtu.

Sikuwahi kuiona kwa ukubwa ule. Kwenye skrini ilikuwa kosa. Pale ukutani ilikuwa nchi nzima iliyokufa, na viti sita vimepangwa kuitazama. Clarrie alibaki mlangoni.

Mama alinitaka nimpe kopo jeusi. Alichovya brashi, akausogelea ukuta, akasimama.

"Niambie, mlinzi," alisema. "Niyaweke wapi?"

Nilitazama. Huku korongo linakwenda mashariki, na mashariki hakuna maji. Kule magharibi kuna mlango wa choo. Nikiyaweka mwisho wa korongo, ni uongo. Nikiyaweka kwingine, hakuna njia ya kuyafikia. Nilitembea ukuta mzima nikiwa na kidole hewani.

"Hakuna mahali, mama."

"Najua. Nilitaka useme wewe, tena kwa mdomo."

Aliirudisha brashi. Tulifungua kopo kubwa la rangi nyeupe ya nyumba tulilokuja nalo. Kwanza alifuta jina lake. Kisha tukaanza kufunika, yeye chini, mimi juu ya ngazi, Clarrie akashindwa kuvumilia akachukua rola ya kupakia. Mama aliufunika mkono wake mwenyewe kilima kwa kilima, na uso wake ulikuwa mkavu. Mimi ndiye niliyelia, na haikuwa huzuni. Nilikuwa na hasira na Imogen na mlango na mteja na mkataba, na mkono huu wa kulia uliokuwa ukipaka. Tulipaka mara mbili ili pasionekane kitu.

Bronwyn amepiga simu jioni. Kampuni imeshaambiwa na watu wa zahanati, na wametaja wanasheria. Nilimwambia waje Wilkarra tu, barabara imefungwa.

17 Januari

Mama mdogo Lorna alitembea mwenyewe mpaka kwenye kiti. Alisimama akautazama ukuta mweupe, akaugusa, rangi ikamwachia alama kidoleni. Akakaa. Gail akamchoma sindano, mashine ikaanza kuzunguka. Mama alikaa upande mmoja, mimi upande wa pili.

Baada ya kitambo Lorna alisema picha ile mbaya haijatoka machoni mwake, bado inamjia akifumba. Akaniambia, "Haya, mlinzi. Nimechoka, siwezi kutembea peke yangu leo. Nipeleke."

Nilifurahi kuombwa. Nilianza vilimani, kwenye mawe mawili, kama nilivyofundishwa kabla sijaota meno ya ukubwani. Nilimpitisha kwenye miti ya akasia iliyoungua. Alifumba macho, pumzi yake ikatulia. Nilimteremsha mpaka kwenye korongo la mchanga, na pale nikamwambia, "Sasa tunashika mashariki."

Alifumbua macho.

Mama aliinua kichwa. Nilisikia nilichosema baada ya kuwa nimekwisha kukisema, nikajaribu kuiona njia ili niirekebishe, nikaona mishale yangu myekundu. Nikajaribu tena. Korongo lilikwenda mashariki, laini na wazi, rangi ya chai ya maziwa. Wiki tano nimeikazia macho. Mwenye nchi akikosea mlinzi humrudisha njiani, na hapa aliyepotea ni mlinzi mwenyewe, mimi.

Nilitaka kuinuka nitoke. Lorna alinishika mkono wa kulia kwa mkono wake usio na sindano, akaubana kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Rudi vilimani," alisema. "Anza tena. Nina saa nne."